Kaunti Imenyamaza Baada ya Barua Yangu: Sheria Inanipa Nafasi Gani?

Swali: Katika wadi yetu, kwenye kaunti moja ya Pwani ya Kenya, zahanati ilianza kujengwa, kuta zikafika kwenye linta, kisha mkandarasi akaondoka na bango la mradi likang'olewa. Nilikwenda ofisi ya idara ya afya kuuliza ni kiasi gani kimelipwa. Afisa akaniuliza mimi ni nani na nazitakia nini habari hizo. Baadaye niliandika barua kueleza kero yetu na kuomba tuelezwe kwa nini mradi umekwama, na sasa yapata miezi mitatu sijajibiwa. Je, kupewa habari hizi ni haki yangu au ni hisani ya afisa? Na nikisisitiza, sijiweki hatarini?

Jibu: Habari unazozitaka ni haki yako kama raia wa Kenya, wala hakuna afisa mwenye mamlaka ya kuzigeuza kuwa hisani. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, pamoja na zile zilizo mikononi mwa mtu mwingine yeyote iwapo zinahitajika ili kutekeleza au kulinda haki nyingine. Kwa upande wa kaunti, kifungu cha 96 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinatamka haki hiyohiyo kwa habari zilizo kwenye kaunti, na utaratibu wa kuziomba umewekwa na Sheria ya Kupata Habari, Nambari 31 ya 2016, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo.

Haki unayo, basi. Kilichokukwamisha, kwa maoni yangu, ni namna barua yako ilivyoandikwa. Ulieleza kero na ukaomba ufafanuzi. Barua ya namna hiyo ofisi nyingi huipokea kama malalamiko, wakaiweka kwenye faili la malalamiko, na huko hakuna kifungu cha Sheria ya 2016 kinachomhesabia afisa siku. Ombi la habari linahesabiwa siku tangu linapopokelewa, na kukaa kimya juu yake kuna matokeo ya kisheria. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uandike upya, na safari hii uombe hati badala ya maelezo.

Nieleze tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo inayoamua hatima ya maombi mengi. Sheria inakupa haki juu ya habari ambazo ofisi inazo tayari: kumbukumbu zote zilizo mikononi mwake, ziwe kwenye karatasi au kwenye kompyuta, bila kujali zilitoka wapi au ziliandikwa lini. Haimlazimishi afisa akae chini akutungie maelezo ambayo hayajaandikwa popote. Ukiuliza "kwa nini mradi umekwama", unamtaka atoe maoni, na afisa mwenye hadhari hatatoa maoni yanayoweza kumrudia. Ukiomba nakala ya mkataba uliotiwa saini, unataja karatasi ambayo ama ipo kabatini ama haipo, na kila jibu atakalokupa, hata la kukataa, litakuwa na maana. Jibu la swali la "kwa nini" utalipata wewe mwenyewe utakapozisoma hati hizo kwa pamoja.

Kwa mradi kama huo wa zahanati, hati zinazofaa kuombwa si nyingi. Ya kwanza ni mkataba kati ya kaunti na mkandarasi, pamoja na BQ, yaani jedwali la vipimo na bei ambalo humo kila kazi, kuanzia msingi hadi rangi ya mwisho, imeandikiwa kiasi na gharama yake. Ya pili ni vyeti vya malipo vilivyotolewa kadiri kazi ilivyoendelea, pamoja na uthibitisho wa malipo yaliyofanywa kwa kila cheti. Ya tatu ni ripoti za kamati ya ukaguzi na upokezi, ambayo Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaitaka ithibitishe kwamba kilichofanywa kinalingana na mkataba. Ongeza barua zozote za kuongeza muda, kubadilisha kazi au kuvunja mkataba, kwa kuwa mradi uliosimama miezi mingi kwa kawaida huwa na angalau barua moja ya aina hiyo. Usiombe "habari zote kuhusu zahanati." Ombi pana kupita kiasi humpa afisa kisingizio halali cha kuongeza muda, na mara nyingine humpa nafasi ya kukuletea rundo la karatasi ambalo ile moja unayoihitaji haimo.

Kabla ya kuandika, tafuta jina kamili la mradi, nambari ya zabuni na mwaka wa fedha. Bango lingekuwa na mambo hayo, na bila shaka hiyo ni sababu mojawapo ya mabango kung'olewa mapema, lakini kuna njia nyingine. Amri ya Rais Nambari 2 ya 2018 iliziagiza taasisi za umma zichapishe maelezo ya zabuni na waliozipata kuanzia Julai mwaka huo, na tovuti ya tenders.go.ke ndiyo inayokusanya maelezo hayo. Haijakamilika, na kaunti zina desturi ya kuweka baadhi na kuacha baadhi, lakini ni mahali pa kuanzia. Bajeti ya kaunti na Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hutaja miradi kwa wadi. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti huonyesha matumizi ya kila kaunti, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambazo Katiba inataka ziwe tayari ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kumalizika, mara kwa mara huorodhesha miradi iliyokwama, ikitajwa kwa jina na kiasi kilicholipwa. Ipitie ya kaunti yako kwanza. Zaidi ya kukuokolea muda, kuna sababu ya kisheria: kifungu cha 6 cha Sheria ya Kupata Habari kinasema ofisi hailazimiki kukupa kitu ambacho unaweza kukipata kwa urahisi kwa njia nyingine.

Barua yenyewe iwe fupi, na waweza kuiandika kwa Kiswahili bila kuomba radhi, kwani kifungu cha 8 kinataja Kiingereza au Kiswahili bila kuipendelea mojawapo. Maneno ya namna hii yanatosha:

"Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa wadi hii. Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu ujenzi wa zahanati iliyotajwa hapo juu: mkataba uliotiwa saini na jedwali lake la vipimo na bei, vyeti vyote vya malipo na uthibitisho wa malipo yaliyofanywa hadi tarehe ya barua hii, ripoti za kamati ya ukaguzi na upokezi, na barua yoyote ya kuongeza muda, kubadilisha au kusitisha mkataba. Iwapo hati yoyote haipo, naomba nijulishwe hivyo kwa maandishi. Iwapo sehemu ya hati haiwezi kutolewa, naomba sehemu iliyobaki itolewe na kifungu cha sheria kinachotegemewa kitajwe. Naomba nijibiwe ndani ya siku 21."

Usiweke tuhuma. Neno "wizi" au "ufisadi" halikuongezei haki yoyote, na linaweza kumfanya karani wa masjala aipeleke barua yako kwa wakili wa kaunti kabla haijamfikia mwenye faili. Pia usieleze sababu za kutaka hati hizo, jambo nitakalolirudia hapa chini. Kanuni zilizotolewa mwaka 2023 zina fomu ya kuombea habari, nawe waweza kuijaza na kuiambatisha, lakini Sheria imesema wazi kwamba ombi halikataliwi kwa sababu tu mwombaji hakutumia fomu. Na kama jirani yako asiyejua kusoma, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anataka kuomba jambo lake mwenyewe, anaweza kusema kwa mdomo, na ni wajibu wa afisa kuliandika ombi hilo na kumpa nakala.

Kuhusu nani aandikiwe, kifungu cha 7 kinamfanya mkuu wa kila taasisi kuwa ndiye afisa wa kutoa habari, ingawa anaweza kumkabidhi mwingine kazi hiyo. Kwa kaunti ningemwandikia Afisa Mkuu wa idara ya afya, kwa kuwa ndiye anayewajibika kwa fedha za idara, na nakala nimpelekee Katibu wa Kaunti, ambaye ni mkuu wa utumishi wa umma wa kaunti. Wakikuambia mradi huu uko chini ya idara ya ujenzi, si kazi yako kuhama na barua kutoka mlango hadi mlango. Ofisi iliyoipokea inatakiwa iihamishe yenyewe ndani ya siku 5 na kukujulisha, na muda wa kujibiwa unaendelea kuhesabiwa tangu siku ulipoomba mara ya kwanza. Kifungu hiki, cha 10, ni mojawapo ya vile ambavyo wananchi wangevifahamu wangepunguza nauli nyingi.

Ipeleke barua kwa mkono ikiwa na nakala mbili, zote mbili zigongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na moja urudi nayo. Ikiwezekana, itume pia kwa baruapepe siku hiyohiyo. Mhuri huo ndio utakaothibitisha kila kitu kinachofuata. Karani akikataa kuipokea, mweleze kwa upole kwamba kukataa kupokea ombi la habari ni kosa chini ya kifungu cha 28, lenye faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Sijui afisa yeyote anayependa kusikia kifungu hicho kikitajwa kwenye dirisha la masjala, kwa hiyo kitaje mara moja tu, na akiendelea kukataa, itume kwa posta ya rejista.

Sasa tuhesabu siku. Afisa anatakiwa aamue haraka iwezekanavyo na kwa vyovyote asipitishe siku 21 tangu kupokea ombi. Endapo habari zinahusu uhai au uhuru wa mtu, muda unakuwa saa 48. Anaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, iwapo hati ni nyingi mno au anahitaji kushauriana na wengine. Siku hizi ni za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na siku ya kupokelewa haihesabiwi. Hivyo, barua iliyogongwa mhuri tarehe 3 Machi inafikia kikomo chake tarehe 24 Machi, na ikiongezwa muda kwa njia halali, tarehe 7 Aprili. Akikataa, ni lazima atoe sababu kwa maandishi na akueleze jinsi ya kukata rufaa. Asipojibu kabisa mpaka muda ukapita, Sheria inalihesabu ombi lako kuwa limekataliwa.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Wanaendelea kungoja, wanaandika barua ya kukumbusha, kisha ya pili, wakidhani kimya maana yake ni kwamba jambo bado linashughulikiwa. Kwa mujibu wa kifungu cha 9, kimya kikivuka siku 21 ni uamuzi, na uamuzi huo unakupa haki ya kwenda mbele mara moja. Ukiendelea kumngoja afisa, unatumia siku zako mwenyewe za kukata rufaa.

Rufaa ya kwanza haiendi mahakamani. Inakwenda kwa Tume ya Utawala wa Haki, CAJ, ambayo wengi huiita Ofisi ya Ombudsman, na ambayo Sheria ya 2016 imeipa kazi ya kusimamia haki hii nchi nzima. Una siku 30 tangu uamuzi, ingawa Tume inaweza kukuongezea kukiwa na sababu. Katika mfano wetu, kama afisa alinyamaza hadi tarehe 24 Machi, unatakiwa uwe umefika kwa Tume kabla ya tarehe 23 Aprili kupita. Tume ina ofisi Nairobi na pia Mombasa, na ina madawati katika baadhi ya vituo vya Huduma, hivyo msomaji wa Pwani halazimiki kupanda basi la usiku. Huhitaji wakili. Peleka nakala ya ombi lenye mhuri, jibu ulilopewa kama lipo, na barua ya ukurasa mmoja inayosema ulichoomba, tarehe ulipoomba, na kilichotokea. Unaweza kulalamikia kukataliwa, kucheleweshwa, kupewa hati zilizokatwakatwa au kutozwa ada isiyostahili.

Kwa hali yako ya sasa, kinadharia ungeweza kwenda kwa Tume na barua ya miezi mitatu iliyopita. Nisingekushauri hivyo. Siku 30 zimepita, na hata ukiongezewa muda, kaunti itasema kwa haki kwamba barua ile haikuomba hati yoyote. Kuanza upya kutakugharimu wiki tatu, na wiki hizo zinastahili.

Tume ina meno kuliko inavyodhaniwa. Inaweza kumwita afisa mbele yake, kuamuru hati zitolewe, hata kupendekeza ulipwe fidia. Asiyeridhika na amri yake ana siku 21 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na asipokata, amri inaweza kusajiliwa mahakamani humo na kutekelezwa kama hukumu ya mahakama. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi huanza kwa kuiandikia kaunti barua, kaunti nayo hujibu polepole, kwa hiyo mwenye jambo anatakiwa kulifuatilia faili lake kwa nambari aliyopewa. Ombi la moja kwa moja Mahakama Kuu chini ya Ibara ya 35 lipo pia, lakini tangu zamani majaji wamesisitiza kwamba raia aombe kwanza kwenye ofisi yenyewe. Marehemu Jaji David Majanja alilisema hilo katika mojawapo ya kesi za mwanzo kabisa kuhusu ibara hiyo. Mtu anayefika mahakamani bila ombi lenye mhuri anarudishwa alikotoka.

Nirudi kwenye swali aliloulizwa msomaji: "Unazitakia nini?" Kifungu cha 4 kinatamka kwamba haki ya kupata habari haiathiriwi na sababu ambayo mwombaji ametoa, wala na yale ambayo afisa anayadhania kuwa ndiyo sababu. Jambo hili lilipimwa mahakamani mwaka 2017, pale Katiba Institute ilipokiomba Kitengo cha Utekelezaji cha Rais habari kuhusu matangazo ya kusifu mafanikio ya Serikali yaliyokuwa yakitolewa kabla ya uchaguzi: ni mangapi, yalitolewa lini, na yaligharimu kiasi gani. Kitengo hakikujibu. Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba kimya hicho kilivunja Ibara ya 35 na akaamuru habari zitolewe, akisisitiza kwamba raia halazimiki kueleza sababu za kuomba. Kwa hiyo, ukiulizwa tena, jibu ni kwamba Sheria haikutaki useme, na hapo unyamaze. Kueleza ukitaka kuonekana mwema ni kumpa afisa nafasi ya kujadili nia yako badala ya kutafuta faili. Kuulizwa wewe ni nani ni jambo tofauti kidogo, kwa kuwa haki hii ni ya raia, na kuambatisha nakala ya kitambulisho ni busara.

Visingizio utakavyokutana navyo ni vilevile karibu kila mahali, na vingine vina msingi. Kifungu cha 6 kinaorodhesha sababu halali za kunyima habari: usalama wa taifa, uhai na usalama wa mtu, mwenendo wa haki mahakamani, faragha, maslahi ya kibiashara ya mtu mwingine, ushauri wa ndani kabla ya uamuzi wa mwisho kufikiwa, na nyingine chache. Lakini sababu kutajwa hakutoshi. Ni lazima kuwe na madhara yanayoelezeka, na hata pale yalipo, mahakama inaweza kuamuru habari zitolewe iwapo manufaa ya umma ni makubwa kuliko madhara hayo.

Kisingizio cha kwanza ni kwamba mkataba ni siri kati ya kaunti na mkandarasi. Kwa zahanati hakina nguvu. Kifungu cha 5 cha Sheria hiyohiyo kinaitaka taasisi ya umma, ikishatia saini mkataba, itangaze bila kuombwa ni kazi gani itafanywa, kwa kiasi gani cha fedha, na nani, na kwa muda gani. Mfano mkubwa zaidi wa hoja hii uko hapohapo Pwani. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliomba mikataba ya reli ya SGR, wakaambiwa ina vifungu vya usiri. Walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na Mei 2022 Jaji John Mativo akaamua kwamba kuwanyima kulivunja haki yao ya kikatiba, akaamuru mikataba itolewe. Novemba mwaka huohuo waziri mpya wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, aliweka hadharani sehemu ya mikataba ya mkopo. Ikiwa makubaliano na benki ya nchi ya kigeni hayakuweza kujificha nyuma ya kifungu cha usiri, sioni zahanati ya wadi itajifichaje.

Kisingizio cha pili kina uzito zaidi, nacho ni kifungu cha 67 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma. Kifungu hicho kinalinda yaliyomo kwenye zabuni na tathmini ya zabuni, hata baada ya mchakato kumalizika. Ndiyo sababu sikukushauri uombe zabuni za kampuni zilizoshindwa wala alama walizopewa, ingawa najua zinavutia kuzisoma. Mkataba uliotiwa saini ni hati nyingine, na malipo yaliyotoka kwenye hazina ya kaunti ni jambo jingine kabisa. Kwenye BQ huenda wakabishana kuhusu bei ya kila kipengele, wakidai ni siri ya biashara ya mkandarasi. Wakifanya hivyo, omba wakupe vipimo na jumla ya kila sehemu, kisha uliachie Tume suala la bei. Vipimo peke yake vitakuonyesha kama paa lilikuwemo.

Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipitishwe kumezuka kisingizio cha tatu, kwamba hati zina majina ya watu. Nambari za simu na vitambulisho vya vibarua vinastahili kufunikwa, na hakuna ubaya. Jina la kampuni iliyopewa kazi ya umma halistahili. Kisingizio cha nne, "suala linachunguzwa," kinahitaji swali moja tu la kurudisha: linachunguzwa na nani, na kutolewa kwa mkataba kutauzuia uchunguzi huo kwa namna gani? Liulize kwa maandishi.

Kuhusu fedha, kuwasilisha ombi ni bure. Ofisi inaweza kukutoza gharama halisi za kunakili na kutuma, na ukishalipa inatakiwa ikupe hati ndani ya siku 2 za kazi. Faili likiwa nene, omba kulikagua palepale ofisini, kisha uchague kurasa za kunakiliwa. Anayekudai "ya chai" hadai ada, na risiti ndiyo itakayowatenganisha wawili hao.

Umeuliza kuhusu hatari, nami sitakudanganya kwamba haipo. Kwenye miradi ya wadi, mkandarasi anaweza kuwa ndugu wa mtu unayemwamkia kila asubuhi, na barua yenye jina lako itasomwa na watu zaidi ya yule uliyemwandikia. Sheria inakulinda usihojiwe nia yako. Haiwezi kuzuia minong'ono. Njia ninayoipendelea ni kutokuwa peke yako. Sheria inapomtaja raia inajumuisha pia chombo cha kibinafsi kinachodhibitiwa na raia wa Kenya, kwa hiyo chama cha wakazi au kikundi cha akina mama kilichosajiliwa kinaweza kuomba kwa jina lake. Njia nyingine ni barua moja kutiwa saini na watu kadhaa, wakiwemo wazee na imamu au mchungaji wa mtaa. Weka nakala za kila kitu nje ya nyumba yako. Vikija vitisho vya wazi, viandikishe polisi upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kisha uijulishe Tume kwa maandishi ukitaja nambari ya faili lako.

Wasomaji wa Tanzania Bara walioniandikia juu ya jambo kama hili watambue kwamba wao wana Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, yenye muda wa siku 30 na utaratibu wake wa rufaa. Siku na vifungu nilivyovitaja hapa ni vya Kenya.

Hati zikifika, anza na vyeti vya malipo. Chukua cheti cha mwisho, tazama kazi zinazodaiwa kukamilika, kisha uende nacho kwenye zahanati pamoja na fundi mwashi mnayemwamini. Kama cheti kinalipia kazi zilizo juu ya linta na ukuta umeishia kwenye linta, piga picha zenye tarehe na ulinganishe na ripoti ya kamati ya ukaguzi ya kipindi hicho. Tofauti ikionekana, kuna milango mitatu: ombi rasmi kwa bunge la kaunti, ambalo kila mwananchi anaruhusiwa kuwasilisha kwa Karani wa bunge hilo, barua kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC. Ningeanza na bunge la kaunti, kwa kuwa kamati yake ya afya ina uwezo wa kumwita Afisa Mkuu na mkandarasi siku moja, na kwa kuwa MCA wenu, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge hilo, atalazimika kusema hadharani yuko upande gani. Na kama jibu litakuwa kwamba vyeti au ripoti hazipo, ihifadhi barua hiyo pamoja na zile hati zilizopatikana, kwa maana malipo yasiyo na cheti ni jambo la kwanza ambalo mkaguzi wa hesabu atalitolea swali.